Aliyepitia Njia ya Printa

Simu ya kitanda cha sita ililia saa saba mchana, na kioo chake kikaonyesha kuwa anayepiga yuko jengo la zamani. Jengo lile la hospitali lilifungwa miaka kumi na moja iliyopita, ikabakizwa stoo ya mbele tu. Simu zake zote ziling'olewa.

"Profesa, njoo uone," nesi akamwita fundi wa mtandao. Profesa lilikuwa jina la kumcheka. Mwenyewe alidhani ni sifa.

"Nyie watu bwana! Waya ukilegea, jini. Kompyuta ikiganda, jini. Mtakufa na ushamba wenu."

"Haya, muulize mama yako. Ndiye aliyepokea."

Kitandani alikuwa mama mzazi wa Profesa, akingoja upasuaji wa kesho. Ameketi, simu sikioni, anaitikia "ee... ee... nakuja," kwa sauti ya mtoto aliyeitwa kula.

"Mama, unaongea na nani?"

"Nyamaza wewe, unaingilia wakubwa. Wamenikaribisha kwao."

Profesa akamnyang'anya simu. Ndani yake mtu alikuwa anapumua taratibu, bila haraka yoyote, na wodi nzima ikanuka nguo zilizoanikwa zikakosa jua.

Profesa alijua alichofanya. Ruta ya hospitali, mashine inayoelekeza mawasiliano ya mtandao, ilibeba majedwali mawili ya njia, kama wapangaji wa nyumba moja wasioonana hata dirishani: la wodi na la jengo la zamani. Mzee aliyemtangulia kazini alibandika karatasi juu ya ruta: USIYAUNGANISHE. Profesa aliicheka wiki nzima. Juzi karani alitaka wodi ifikie printa ya stoo. Kazi ilikuwa kuruhusu anwani moja tu, ya printa. Bingwa wetu, kwa uvivu alioubatiza utaalamu, akaandika "ruhusu zote", huku na huko, kwa pande zote mbili, akaenda kunywa chai.

Akakaa koridoni mbele ya kabati la ruta, akafungua kompyuta. Badala ya njia moja iliyotoka upande wa pili, aliona mia nne, kisha mia nne na tisa, kila moja ikielekea kwenye anwani isiyo na mashine, na alipoijaribu mojawapo ikamjibu papo hapo, akajaribu nyingine nayo ikajibu, akaondoa vidole kwenye vibonye na majibu yakaendelea kuja yenyewe, moja baada ya jingine, kwa mwendo uleule wa pumzi aliyoisikia simuni.

Akampigia yule mzee mstaafu, akamnong'oneza yaliyotokea.

"Ulifungulia nini?" mzee akauliza.

"Printa, mzee."

"Printa peke yake?"

"Niliandika... ruhusu zote."

"Zote! Mjinga wa kusomea wewe! Sikiliza. Kabla hujafunga, tazama jedwali lao. Ukimwona mtu wako humo, mrudishe kwanza. Ukifunga kabla..."

Simu ya wodini ikalia tena. Profesa akakata ya mzee. Babu anazeeka vibaya, akajisemea. Njia ni njia, inafutwa. Akafuta ruhusa zote kwa mpigo mmoja.

Mia nne na tisa zikatoweka. Harufu ikakatika. Akajinyoosha, akatabasamu kama mtu aliyeumba dunia.

"Mmeona? Jini gani anayefutwa kwa kibonye?"

Nesi alikuwa mlangoni mwa wodi, kaukumbatia mlango.

"Profesa... mama yako anauliza wewe ni nani. Anauliza vizuri, kwa upole. Ila hapepesi macho."

Ndipo akatazama jedwali la jengo la zamani. Stoo, printa, halafu mstari mmoja mpya: kitanda cha sita, kimeunganishwa moja kwa moja, dakika mbili. Akaujaribu. Likarudi jibu moja, dhaifu. Kisha ikaisha dakika nzima. Kisha likaja jingine, la mbali zaidi.

"Mama," akaiambia kompyuta, yule aliyekuwa akicheka washamba.

Mzee alikuwa anapiga simu mfululizo, Profesa hakupokea. Akaandika upya, herufi kwa herufi, huku na huko: ruhusu zote. Akabonyeza.

Simu za vitanda vyote zikalia pamoja.