Jibu la Alhamisi

Foleni ya duka la miwani ilikuwa imetoka nje mpaka kwenye ngazi, na kila aliyesimama humo alikuwa na swali moja tu: "Yangu iko tayari?" Simu ya dukani ililia, ikaachwa, ikalia tena. Kijana mmoja mwenye mkoba mgongoni, shati la samawati limekunjwa mpaka viwikoni, akaanza kujipenyeza.

"Foleni inaanzia kule nyuma, kaka," alisema binti aliyevaa aproni ya kijani, bila kuinua macho kutoka kwenye lenzi aliyokuwa akiisaga.

"Sikuja kuchukua miwani, dada. Nimeitwa na mwenye duka kutengeneza kompyuta."

"Umechelewa siku tatu."

"Nimeitwa leo asubuhi."

"Ndiyo maana nakwambia."

Fundi alicheka, na binti naye akashindwa kujizuia. Siku ile kila mmoja alimwona mwenzake vizuri. Fundi aliona jinsi binti alivyomvalisha kila mteja miwani kwa mikono yake mwenyewe, akiuliza polepole, "Inabana hapa nyuma ya sikio?" Binti naye aliona fundi akimpisha mzee mmoja kwenye kiti, kisha akafanya kazi yote amepiga magoti sakafuni.

Watu walipopungua, fundi alimwita. "Njoo nikuoneshe. Kompyuta yenu ni kongwe, kwa hiyo nimeipa programu ndogo sana ya barua pepe. Inatuma tu, haipokei. Miwani ya mtu ikiwa tayari unamtumia barua, na hizi foleni zinakwisha."

"Mbona sioni vitufe vya kubonyeza? Naona dirisha jeusi tu."

"Hapa unaandika amri. Jina la programu, halafu kistari na herufi. Kistari f ni nani anayetuma. Kistari s ni kichwa cha barua. Kistari v inaifanya programu ieleze kila hatua inayopiga."

Binti alitoa daftari, akaandika: *f, fulani anatuma. s, sababu ya barua. v, ivunje ukimya.*

"Hivyo mimi sikukufundisha!" alisema fundi.

"Hivyo ndivyo nitakavyokumbuka mimi. Na hapo kwenye f niandike nini?"

"Anwani ya duka. Iandike hivihivi kila mara."

"Na mtu akijibu?"

"Jibu linatupwa. Mwenye duka hataki wateja waandike, anataka waje."

Wiki mbili zikapita, foleni ikaisha, lakini fundi hakuisha. Alikuja mchana akiwa na machungwa mawili, kila mara na sababu mpya.

"Nimepita kuangalia kama programu inatuma."

"Inatuma."

"Na mwendeshaji wake hajambo?"

"Mwendeshaji anataka uondoe kiwiko chako kwenye lenzi za watu."

Jioni walipigiana simu mpaka sikio likapata joto. Jioni moja fundi aliacha mzaha. "Mpenzi, mimi nataka kuja kwenu. Nimwone mama."

Binti aliishi na mama yake, wawili peke yao, na mwaka uliotangulia walikuwa wamemtandikia meza mwanamume mwingine ambaye hakutokea. Mama alikuwa ametoa vikombe mwenyewe, na jioni akavirudisha kabatini mwenyewe. Kisha akasema, "Mwanangu, sitakaa tena kumngoja mtu mara mbili. Asiyekuja siku aliyoitwa, kwangu basi."

"Umelala?" fundi aliuliza.

"Nipo. Ngoja nikwambie," binti alisema, akamsimulia habari ya vikombe. "Nitamuuliza mama, halafu nikuandikie kwa lile dirisha lako jeusi, uone kama nimefuzu."

Kusema kweli, maneno ya kumwalika kwao aliona haya kuyatamka kwa mdomo.

Alhamisi alasiri barua ikamfikia fundi. *Mama amekubali. Njoo Jumamosi saa tisa. Usipojibu nitajua unakuja. Ni mimi wa aproni ya kijani.* Fundi alikuwa amesimama kwenye korido ya kazini kwake, na dakika tano nyuma mkuu wake alikuwa amemwambia kwamba kuanzia jioni ileile mpaka Jumamosi jioni watahamisha kompyuta za hospitali, usiku na mchana, simu zote zikiachwa kwa mlinzi mlangoni. Moyo ukimdunda kwa furaha, alibonyeza "jibu", akaandika maneno mengi kuliko aliyowahi kuandika maishani, akatuma.

Jumamosi saa tisa Mama alikuwa sebuleni amevaa gauni la zambarau na viatu vya kufunga. Saa kumi binti alipiga simu. Saa kumi na moja akapiga mara sita. Saa kumi na mbili Mama aliinuka, akachukua vikombe, akavirudisha kabatini. Aliporudi alikaa karibu na mwanawe, akamfunika mabega kwa khanga yake.

"Labda amepatwa na kitu, Mama."

"Labda," Mama alisema.

Saa moja kasoro simu ikalia.

"Mpenzi, nimetoka sasa hivi! Nimekuta umepiga mara saba, kuna nini?"

"Unaniuliza mimi kuna nini? Mama amekungoja kwa saa tatu nzima!"

"Leo? Si nilikuandikia kwamba leo siwezi, nije kesho saa nne?"

"Hukuandika chochote."

"Nimeandika, nakuapia!"

"Fundi mzima wa barua pepe unaniambia barua imepotea? Tafuta uongo mwingine, huo haukukai." Akakata.

Fundi alibaki amesimama langoni mwa hospitali. Aliifungua ile barua aliyoituma, akaisoma tena, kisha akaangalia ilikokwenda. Akajipiga paji la uso kwa nguvu mpaka mlinzi akauliza, "Vipi, mbu?"

"Si mbu, mzee. Ni mimi."

Jumapili saa nne kamili alibisha hodi. Alivaa shati jipya jeupe ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Mama alifungua mlango nusu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekosea nyumba, au umekosea siku?"

"Nimekosea anwani, Mama. Naomba nieleze hapahapa mlangoni, halafu nikifukuzwa nitaondoka."

Binti alitokea nyuma, macho yamevimba. Fundi akamgeukia. "Barua yako ilitoka kwa anwani ya duka, kama nilivyokufundisha. Mimi nikabonyeza jibu bila kuangalia. Jibu likaenda dukani."

"Dukani si yanatupwa?"

"Yanatupwa. Nani aliyeipanga kompyuta iyatupe?"

"Wewe."

"Mimi. Nimejifungia mlango kwa mkono wangu, halafu nikasimama nje nikingoja kufunguliwa."

Mama hakucheka. Alinyoosha mkono. "Lete hiyo simu. Kama uliandika, ipo."

"Mama, hiyo barua... sikuiandika nikijua utaisoma wewe."

"Lete."

Mama alivaa miwani yake, akaisogeza simu mbali, akaanza kusoma kwa sauti ya shuleni. "Alhamisi, saa tisa na dakika arobaini. *Ua langu la moyo*..." Alimtazama fundi juu ya miwani. Fundi aliangalia viatu vyake. "*Jumamosi nitafungiwa kazini. Mwombe Mama anisamehe, anipokee Jumapili saa nne. Mwambie sipendi kumngojesha, maana uliniambia alivyongojeshwa. Nimenunua shati. Nimejizoeza maneno mbele ya kioo lakini kila nikifika kwenye neno kukuoa...*"

"Mama, basi!" binti alilia, amefunika uso kwa viganja.

"Niache nimalize, nimeingojea tangu jana." Akaendelea, lakini sauti haikuwa ya shuleni tena. "*...nikifika kwenye neno kukuoa ulimi unakwama. Lakini nitalisema. Mama yako asikae peke yake. Tutatafuta nyumba yenye chumba chake, chenye dirisha la jua la asubuhi.*"

Alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. Hakuna aliyewahi kumfikiria mpaka kwenye dirisha la chumba chake.

"Sasa," alisema, akafungua mlango wote. "Haya ni ya kwenye simu. Mimi nataka ya mdomoni."

Ulimi wa fundi ukakwama palepale, kama alivyoandika. Binti akamsogelea, akamshika kidole kimoja, taratibu.

"Mama," fundi alisema, "naomba kumwoa binti yako."

"Na wewe, mwenye kulia usiku kucha?"

"Nimekubali, Mama."

"Basi ingieni ndani," Mama alisema. "Majirani wote wamekwisha kusikia, wasije wakaona pia."