Wa Kunijazia Mkono wa Kulia

Mwalimu aliporudi kutoka hospitali alasiri ile, alikwenda moja kwa moja kwenye piano hata kabla ya kuvua viatu. Alikaa, akainuka papo hapo. Kiti kilikuwa na joto. Si joto la jua, maana dirisha la upande ule lilikuwa na pazia zito. Ni lile joto la kiti ambacho mtu amekikalia kwa muda mrefu na ameinuka sasa hivi. Na nyumbani hapakuwa na mtu. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini, na binti yao alikuwa bado shuleni.

"Haya, nani kanikalia kiti changu?" aliuliza kwa utani, lakini kwa sauti ya chini, kama mtu anayejipa moyo.

Kulikuwa na harufu tu ya kucha zilizoungua, akaidhania inatoka kwa jirani.

Mwanamke huyu alilelewa na piano kuliko alivyolelewa na mtu yeyote. Alianzia kwenye kinanda kibovu cha shule, akapelekwa kusoma ng'ambo, akapiga kwenye kumbi ambazo watu huingia wamenyoosha nguo mpaka zinawachoma shingo. Aliporudi na kuolewa aliendelea na maonyesho, na sebuleni kwake akafungua darasa. Wanafunzi walimwita Mwalimu mbele yake. Kwa nyuma walimwita Rula, kwa sababu ya ile rula ya mbao iliyokaa juu ya piano, ambayo haikupimia kitu chochote. Kiganja kikilegea, rula ilitua. Na alikuwa na sheria moja isiyo na huruma: hushuki kwenye kiti mpaka umeupiga wimbo mpaka mwisho bila kosa. Ukikosea, unarudi mwanzo. Karani mmoja wa benki, mtu mzima na kipara chake, aliwahi kutoa machozi kwenye kiti kile akiomba ruhusa ya kwenda chooni.

Sasa mkono wa Mwalimu wa kulia ulikuwa umemsaliti. Mishipa ya kiganja ilikuwa imevimba kwa kuchoka, na daktari aliufunga bandeji ngumu akamwambia asiguse piano mpaka atakapomruhusu. Hakuahidi kwamba ruhusa itakuja. Onyesho la ukumbi mkuu lilikuwa limekaribia, matangazo yamekwisha kubandikwa, naye hakuwa amemwambia mtu. Piano ikimtoka, angebaki nani? Mke wa dereva, mama wa mtoto, basi. Aliwapenda, lakini aliogopa kubaki hivyo tu. Aliogopa kweli.

Kwa hiyo alifanya wanachofanya wapiga piano wote wanapojifunza wimbo: kupiga mkono mmoja peke yake, na mwingine kuuimba kichwani. Akapiga wa kushoto. Noti nzito zikatembea zenyewe, zikiwa hazina wa kuzungumza naye.

"Laiti ningempata wa kunijazia mkono wa kulia," alisema kwa uchungu. "Yeyote yule. Akae tu, ajaze."

Upande wa kulia kibonyezo kimoja kikazama taratibu, bila kidole. Kikatoa sauti. Kikafuatiwa na kingine, kisha vingi, na wimbo ukakamilika.

Mwalimu alihisi nywele zikimsimama mpaka kwenye mikono. Mwili wake wote ulitaka kukimbia. Lakini upande ule wa kulia ulipigwa vizuri mno, vizuri kuliko alivyowahi kupiga yeye mwenyewe, na mkono wake wa kushoto haukuacha. Alipiga huku akilia, na wimbo ulipoisha akacheka. Hakumwambia mumewe.

Siku ya onyesho alivaa gauni la mikono mirefu lililoficha bandeji. Aliuning'iniza mkono mgonjwa juu ya vibonyezo, akauchezesha bila kugusa kitu, na yule mwingine akafanya kazi. Waliokaa viti vya mbele walijifunika pua, wakitazamana kwa ile harufu, lakini mwisho ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi. Mwalimu aliinamisha kichwa kushukuru, na bega lake la kulia likahisi uzito wa mtu anayeinama pamoja naye.

Aliyelipa wa kwanza ni yule Karani.

Alikuja kwa somo lake kama kawaida, akakosea mahali anapokosea siku zote, akacheka kwa aibu. Mwalimu alikuwa dirishani, amempa mgongo. Alisikia rula ikipiga nyama. Alipogeuka aliiona ikining'inia hewani, haina mshikaji, ikishuka tena, na tena, juu ya viganja vya mtu yule.

"Mwalimu, basi! Mwalimu, nimekoma!" Karani alipiga kelele, akaanza kuinuka.

Hapo ndipo kifuniko cha piano kilipoanguka. Kilianguka kwa nguvu ambayo mbao peke yake haina, kikaibana mikono yake yote miwili, na vidole vikalia kama vijiti vikavu. Kikafunguka, kikampiga tena. Alipotolewa pale alikuwa hana sauti; mdomo ulikuwa wazi tu, na macho yakimtazama Mwalimu kana kwamba yeye ndiye aliyefanya. Mwalimu aliutambua mtindo ule. Kitu kile kilikuwa kimekaa darasani mwake kikijifunza ufundishaji wake.

Majirani waliambiwa kifuniko kiliponyoka. Mumewe, aliyerudi kutoka safari, hakukubali.

"Kifuniko kinaponyoka mara moja, mke wangu," alisema. "Hakirudii." Akamleta shangazi yake.

Shangazi alikuwa mtoaji wa pepo, mama mnene mwenye maneno machache na miguu inayomsumbua. Aliingia sebuleni, akanusa, akakunja uso.

"Nijibu kweli, mwanangu," alimnong'oneza Mwalimu. "Huyu alikuja mwenyewe, au uliita?"

Mumewe alikuwa amesimama pale pale. Mwalimu alifikiria makofi ya ukumbi mkuu, akaona aibu. "Alikuja mwenyewe, Shangazi."

Shangazi akafukiza ubani kwenye chetezo, akaamrisha kitoke kama anavyowaamrisha wanaovamia nyumba za watu. Kiti cha piano kikanyanyuka sakafuni, kikampiga usoni, na chetezo kikavunjika. Walimwinua akiwa na damu kidevuni na jino mkononi. Alikuwa na hasira zaidi kuliko hofu.

"Huyu kaalikwa," alisema, akitema damu kwenye leso. "Kaambiwa ajaze nafasi fulani, na nafasi hiyo sasa ni yake. Mimi simwezi. Aliyemwita akimpa nafasi ile ile, atatulia. Akimnyima, ataitafuta kwa mwingine humu ndani. Mimi naondoka, na anayesema uongo anajijua."

Mwalimu aliinama, akajifanya anaokota vipande vya chetezo.

Baadaye mkono ukapona. Ni jambo la ajabu kuwa na huzuni kwa kupona, lakini siku daktari alipoifungua bandeji na kumruhusu, Mwalimu alitoka hospitali akitembea polepole. Nyumbani alikaa kwenye piano na kuweka mikono yake yote miwili. Kitu kikaudaka ule wa kulia, kikakisokota kidole cha mwisho mpaka akapiga yowe. Alijichomoa. Akafunga piano.

"Asante kwa msaada," alikiambia. "Sasa nina wangu. Nenda."

Harufu ilipotea. Kiti kikapoa, kikabaki baridi siku baada ya siku, na polepole Mwalimu akaanza kula vizuri. Alijiambia kimeondoka, kwa kuwa alitaka sana kiwe kimeondoka.

Binti yao waliyemwita Kidoti, kwa sababu ya doa jeusi shavuni, alikuwa ameteuliwa kuingia mashindano ya muziki ya shule. Siku moja mchana Mwalimu alikuwa anakwenda hospitali kumwonyesha daktari kidole chake kilichosokotwa, akamfungulia piano. Pale mlangoni, akitafuta kiatu cha pili, alimwambia neno aliloliambia kila mwanafunzi maisha yake yote, neno ambalo mwalimu yeyote wa piano angelisema bila kufikiri: "Anza na mkono wa kushoto peke yake, mama. Wa kulia tutaufanya nikirudi."

Akaondoka.

Alipokuwa anarudi, kwenye kona ya mtaa wao, alisikia wimbo ule wa mashindano ukipigwa kwa mikono yote miwili, kwa kasi, safi kabisa. Alisimama. "Mwanangu!" alisema kwa sauti, na fahari ikamjaa kifuani. Kisha akakumbuka kwamba mkono wa kulia wa wimbo ule Kidoti hajafundishwa.

Alikimbia akiwa ameacha mkoba barabarani, akapita mlango uliokuwa wazi, akamkuta mumewe, aliyefika kutoka safari wakati yeye hayupo, amekaa sakafuni ameegemea ukuta, pua imepasuka na sikio moja linavuja damu, akijaribu kuinuka na miguu ikimkatalia.

"Nimemvuta," alinong'ona. "Nimemvuta hatoki, kitu kikanitupa. Nimerudi, kikanitupa tena."

Na Kidoti alikuwa kwenye kiti, mgongo umenyooka kama alivyofundishwa, mkono wake wa kushoto ukipiga na kupiga huku ncha za vidole zimechanika na kuacha michirizi myekundu juu ya vibonyezo vyeupe, wa kulia umelala mapajani umevimba na kiganja kimepinda kwa kupigwa kila alipojaribu kuuinua, na pembeni yake, mahali ambapo mkono huo ungekuwa, vibonyezo vilizama vyenyewe kwa furaha, haraka haraka, mpaka wimbo ulipokaribia mwisho kabisa, pumzi moja tu kabla ya mtoto kuruhusiwa kushuka, ndipo ule mkono usioonekana ulipogusa noti mbovu, kwa makusudi, kwa utulivu, na rula ikanyanyuka juu ya piano ikatua kwenye kiganja kilichovunjika, na wimbo ukarudi mwanzo.

"Mama," alisema Kidoti bila kugeuka. Sauti ilikuwa nyembamba imekauka. "Mimi sikosei. Anakosea yeye. Naomba nishuke."

Mwalimu alikuwa amesikia maneno hayo kwenye kiti kile kwa miaka, kutoka kwa watoto wa watu. Alimrukia mtoto, akamkumbatia kiunoni, akavuta. Ilikuwa kama kuvuta nguzo ya nyumba. Kofi likamjia kutoka pasipo na mtu, likamchana mdomo. Akavuta tena, akapigwa tena, akaanguka juu ya magoti yake na jicho moja likaanza kufumba.

"Nilimwita mimi," alimwambia mumewe kutoka pale sakafuni. "Nilimdanganya Shangazi. Nilimwita anijazie mkono."

Mumewe hakuwa na nguvu hata ya kumchukia.

Wimbo ulikuwa umefika katikati. Kidoti alikuwa ameanza kuyumba, na kila alipoyumba kitu kilimnyoosha kwa kumshika nywele. Mwalimu akainuka. Aliuangalia mkono wake wa kulia, mkono uliomtoa kwenye kinanda kibovu cha shule ukampeleka dunia nzima, uliopona juzi tu. Aliupenda. Akaulaza ukingoni mwa piano, upande ule wa noti nyembamba, pale kifuniko kinapokutana na mbao, na kwa wa kushoto akakikamata kifuniko.

"Unafanya nini?" mumewe alisema. "Mama Kidoti, unafanya nini?"

Akakibamiza. Maumivu yalimtoa macho. Wimbo haukusimama. Akakiinua akakibamiza tena kwa uzito wake wote, akasikia mfupa, na wimbo ukasita kidogo ukaendelea, naye akajua kwamba kitu kile kinataka uhakika, kinataka nafasi isiyopona, kwa hiyo akakiinua na kukishusha, akakiinua na kukishusha, akipiga kelele ambazo mtaa mzima ulizisikia, mpaka pale kilipokuwa kiganja hapakuwa tena na umbo la kitu chochote alichokuwa anakijua.

"Njoo!" alilia. "Nafasi yako hii! Mwache mtoto, njoo hapa!"

Wimbo ukakatika. Kidoti akaanguka kutoka kwenye kiti, na baba yake akamdaka akiwa bado amekaa sakafuni.

Hospitalini waliukata mkono chini ya kiwiko. Hakukuwa na cha kushona. Mumewe aliichanja piano kwa shoka uani akaichoma moto, na aliporudi wodini kumwambia, nguo zake zikinuka moshi, Mwalimu alilia sana, kisha akamshukuru. Alikuwa amepoteza kila alichokuwa, na mtoto wake alikuwa hai. Alihesabu kwamba ameponea. Aliona hata amepewa kwa bei nafuu.

Kidoti aliletwa kumwona akiwa na plasta kiganjani na vidole vimefungwa. Alisimama mlangoni kwanza, akiogopa kile kisiki kilichozungushiwa bandeji. Kisha akakimbia, akapanda kitandani, akajizika kifuani mwa mama yake. Mwalimu alimpapasa kichwa kwa mkono uliobaki, pole pole, akimwomba msamaha sikioni tena na tena.

"Nimekusamehe, Mama," alinong'ona Kidoti. Akajinyonganyonga. "Lakini usinibane hivyo mgongoni. Unaniumiza."

Mkono pekee wa Mwalimu ulikuwa bado kichwani mwa mtoto. Alichungulia juu ya bega lake dogo. Kitambaa cha gauni kilikuwa kimebonyea mgongoni kwa alama za vidole vya mkono wa kulia, na vidole vilikuwa vinazidi kuzama.