Mto Chini ya Goti

Mume wangu ni fundi wa vigae. Kwa miaka thelathini na minne amefanya kazi akiwa amepiga magoti. Anapaka gundi sakafuni, anabandika kigae, anakigonga kwa nyundo ya mpira, anaweka pima maji juu yake kuona kama kimelala sawa. Kisha anasogea nyuma kidogo na kubandika kingine. Watu wote wanamwita Fundi, hata mimi. Sakafu ya nyumba yetu aliiweka mwenyewe. Ukiangusha shanga hapo, inatulia ilipoangukia.

Magoti yake yalianza kuuma zamani. Tulikanda kwa maji ya moto, tukapaka dawa za kuchua, tukangoja. Mwisho goti la kulia lilikataa kabisa. Hospitali walimpiga picha, daktari akatuonyesha. Gegedu, ile sehemu laini inayokaa katikati ya mifupa, ilikuwa imelika yote. Mifupa ilikuwa inasagana.

"Tutakuwekea goti la bandia," daktari alisema. "Kazi ya kupiga magoti siku nzima basi tena. Lakini utatembea bila maumivu haya."

"Nikitembea inatosha," Fundi alijibu. "Nitawasimamia wengine. Najua kusema kuliko kubandika."

Alifanyiwa upasuaji vizuri. Siku ya kutoka, nesi alimpa fremu ya kutembelea na vidonge vya maumivu. Halafu akanipa mimi karatasi mbili zenye picha na maneno.

"Mama, kila kitu kimeandikwa humu," aliniambia. "Someni pamoja."

Mimi nilijifunza kusoma nikiwa tayari nina wajukuu. Nasoma polepole, kidole kikiwa chini ya mstari. Nesi angeweza kumpa karatasi mume wangu, aliyesoma tangu utotoni. Alinipa mimi. Nilifurahi, nikazikunja vizuri nikazitia kwenye pochi yangu.

Nyumbani maumivu yalianza kweli.

"Mama watoto!" Fundi aliita. "Huu mguu unawaka moto!"

"Unyooshe kidogo."

"Kuunyoosha ndiko kunaniua. Nikiukunja kidogo hivi, napata nafuu."

Nilitoa karatasi. Niliona picha ya mguu kitandani, na mto chini ya goti. Pembeni ya picha kulikuwa na maneno. Niliweka kidole chini ya mstari na kusoma: "weke mto chini ya goti." Nikasoma tena. Neno "weke" lilinishangaza kidogo, lakini nilidhani ndivyo waandikavyo hospitali.

Nilichukua mto wangu, nikauweka chini ya goti lake. Mimi nililalia shuka lililokunjwa.

"Hapo!" alisema. "Hapo hapo! Mungu akubariki, mke wangu."

Kila asubuhi niliuweka sawa ule mto. Kila jioni niliupiga-piga ufure. Nilikuwa naona raha kumwona akipumua.

Vidonge hakuvitaka.

"Hivyo ni vya watu wanaolia," alisema.

Alivimeza pale tu alipokuwa ameshaanza kutetemeka. Kwa hiyo kila alipojaribu mazoezi aliyofundishwa wodini, maumivu yalimshinda. Aliacha. Siku ya kwanza ya kwenda mazoezi hospitali, alisema waambie mvua inanyesha. Nikapiga simu nikasema mvua. Siku ya pili alisema waambie nina homa. Nikasema homa. Sikupenda kudanganya, lakini niliona uso wake nikashindwa.

Baada ya wiki tatu, goti lilikuwa gumu kama mlango uliovimba kwa maji. Halikunyooka, wala halikukunjika vya kutosha. Akisimama na fremu, kisigino hakikufika chini. Alisimama kwa ncha za vidole, kama mtu anayechungulia dirishani.

Ndipo tuliposikia hodi. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mnene, amevaa raba zilizopasuka ubavuni.

"Mimi ndiye yule mnayemwambia mvua na homa," alisema. "Mvua nimeangalia, hakuna. Nimekuja kuangalia homa."

Ni yeye aliyemfundisha Fundi mazoezi wodini. Fundi alimpa jina la Bi Kunja, na sasa alijifunika shuka mpaka kidevuni.

"Bi Kunja umenifuata mpaka nyumbani?"

"Nimetembea sana kukufuata, kwa hiyo usinidanganye. Homa unayo au huna?"

"Sina," Fundi alisema.

"Nauliza kwa sababu homa baada ya upasuaji si mchezo. Ukipata homa, au kidonda kikizidi kuwa chekundu, au kikitoa usaha, njooni siku hiyo hiyo. Shavu la mguu, hapa nyuma, likivimba na kuuma, njooni. Kifua kikibana au pumzi ikikata, msingoje hata kuvaa viatu. Msimchue hilo shavu la mguu, wala msipake dawa ya majani kwenye kidonda."

Alipima joto lake. Alitazama mshono, akabonyeza shavu la mguu taratibu. Alisema yote ni salama. Halafu alifunua shuka lote, akaona mto.

"Nani ameuweka huu?"

"Mimi," nilisema. Nilisema kwa fahari kabisa. "Karatasi yenu ndiyo imesema."

"Nionyeshe, mama."

Nilifungua pochi. Nilimwonyesha picha, nikamsomea. Hakucheka. Alishika kidole changu, akakipandisha mstari mmoja juu, mpaka mwisho wa mstari.

"Anzia hapa."

Nilisoma: "Hata kama linauma, usi-". Kisha nikashuka: "weke mto chini ya goti."

Nilisoma mara ya pili. Herufi tatu na kistari. Kwenye picha, juu ya mto, kulikuwa na alama ya kukataza. Mashine ya kunakili ilikuwa imeififisha. Mimi niliiona kama mikunjo ya shuka.

"Neno wamelikata vibaya," Bi Kunja alisema kwa sauti ndogo. "Nitawaambia waandike upya. Wewe umesoma kilichokuwa mbele yako."

Maneno yale aliyasema kwa wema, na sijayasahau. Lakini Fundi alikuwa amesikia yote.

"Kumbe anayeniharibia mguu ndiye anayeniletea chai," alisema. "Wiki tatu nimezama mtoni, nipo kitandani kwangu!"

"Na wewe?" nilimjibu. "Nesi alisema tusome pamoja. Umesoma tangu utotoni. Uliitazama karatasi hata mara moja?"

"Nilikuachia wewe."

"Basi usiniachie na lawama."

"Mtagombana nikiondoka," Bi Kunja alisema. "Fundi, nijibu. Ukibandika kigae, una muda gani wa kukisogeza?"

Fundi alimtazama kwa mashaka. "Dakika ishirini hivi. Zikipita, gundi imeshika."

"Na ukilazimisha?"

"Unavunja."

"Ndani ya goti lako sasa hivi kuna kovu linaloshika. Goti likikaa limepinda, kovu linashika hivyo hivyo limepinda. Mto unaondoa maumivu kwa sababu unaliacha limepinda. Bado wiki mbili na siku chache uende kwa daktari. Akikuta limegoma, atakurudisha chumba cha upasuaji. Watakulaza kwa dawa ya usingizi, walikunje kwa nguvu."

Fundi aliutoa mto mwenyewe, akautupa sakafuni.

"Kwa hiyo tufanye nini?" niliuliza.

Bi Kunja aliviringisha taulo, akaliweka chini ya kisigino. Goti likabaki hewani, halina kitu chini yake.

"Liache lishuke kwa uzito wake. Vidole vitazame juu. Dakika kumi, mara kadhaa kwa siku. Halafu ligandamize goti chini, hesabu tano, legeza."

Fundi aliuma meno. "Unaniua wewe."

"Umemeza kidonge saa ngapi?"

"Sijameza."

"Ndiyo maana. Vidonge ni vya kukuwezesha kufanya kazi. Meza kama ulivyoandikiwa, na fanya mazoezi nusu saa au saa moja baada ya kumeza. Usizidishe. Tumbo likikusumbua, utuambie, usiache kimya kimya."

Alimkalisha kwenye kiti. Aliweka kitambaa chini ya unyayo wake, juu ya vigae.

"Sakafu nzuri hii. Inateleza vizuri. Vuta mguu nyuma, mpaka unapoweza. Shikilia. Sasa sogeza kidogo zaidi. Likivimba, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, isizidi dakika ishirini, na usilowanishe mshono. Kila saa, inuka utembee kidogo humu ndani. Kisigino kitangulie kugusa chini."

"Na maumivu yataisha lini?" niliuliza.

"Yatapungua wiki hadi wiki. Kuvimba kidogo kunaweza kuchukua miezi. Maumivu ya kuvutika wakati wa zoezi, yanayotulia baadaye, ni ya kawaida. Yakizidi kila siku badala ya kupungua, njooni."

Mlangoni alinigeukia. "Mama, atakuomba mto. Usimpe."

Aliuomba siku hiyo hiyo.

"Mama watoto, dakika tano tu."

"Hapana."

"Mbili."

"Hapana, Fundi."

"Ulipotakiwa kukataa, ulinihurumia. Leo nakuomba unihurumie, unakataa. Moyo wako umeuweka wapi?"

Nilitoka nje nikalia karibu na pipa la maji. Jirani yetu, msusi, alinikuta hapo. Hakuniuliza kitu. Kuanzia siku ile alituletea barafu kutoka friji lake kila asubuhi, kabla ya kufungua saluni. Aliiweka mlangoni, akagonga mara moja, akaenda zake. Hata asante hakuisubiri.

Nyumba yetu ikawa ya kelele. Saa ya kidonge nilimletea kidonge. Saa ya zoezi nilikaa naye, nikahesabu. Alinitukana mpaka tano, halafu akalegeza. Mara nyingine alitoa machozi, nami nikatazama ukutani nisije nikalainika. Niliisoma karatasi yote upya, mstari kwa mstari, kwa sauti. Yeye alikuwa akinifuata kwa macho, na nilipofika mwisho wa mstari alisema, "Shuka mstari."

Ilipofika siku ya tano aliniagiza pima maji yake. Alikaa kitandani, akailaza juu ya mguu ulionyooshwa, akatazama kile kiputo cha hewa ndani yake.

"Bado," alisema.

Kila siku alipima. Mwanzoni ngumi yangu nzima ilipita chini ya goti lake. Kisha vidole vinne. Kisha vitatu. Kisigino kilianza kugusa sakafu. Kwenye kiti, unyayo wake ulirudi nyuma kigae kimoja, halafu kigae kimoja na nusu. Tulikuwa hatuongei mengine. Tuliongea vidole na vigae tu.

Siku ya kumwona daktari ilifika. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya kwanza, na tulipanda kwa lifti. Fundi alilala juu ya kitanda cha ngozi. Daktari alikunja goti, akaweka kipimo chake pembeni.

"Limepita nyuzi tisini," alisema. "Hakuna kurudi chumba cha upasuaji."

Nilishusha pumzi. Fundi alifumba macho.

"Sasa nyoosha."

Alinyoosha. Daktari alipitisha vidole viwili chini ya goti. Vilipita.

"Hapa pamebaki," alisema.

"Patanyooka?" Fundi aliuliza.

"Endelea na mazoezi. Goti hili huendelea kulegea hata mwaka mzima. Panaweza kuisha, panaweza kubaki kidogo, ukawa unachechemea. Kama lingenyooshwa tangu wiki ya kwanza, tusingekuwa tunazungumzia hilo."

Hakujua alichokuwa anakisema, maskini. Alikuwa mpole, na alitupa mkono sisi wote wawili. Fundi alinitazama mara moja, akavaa kiatu chake.

Nje, lifti ilikuwa imegoma. Tulisimama juu ya ngazi. Mikononi alikuwa na fimbo tu, maana fremu tulishairudisha.

"Tungoje," nilisema.

"Karatasi inasemaje kuhusu ngazi?"

Nilikuwa naijua kwa kichwa. "Kupanda, mguu mzima utangulie. Kushuka, utangulie uliopasuliwa. Shika ukingo."

Alishika ukingo. Alishusha mguu wa kulia, akafuatisha wa kushoto. Alipepesuka kidogo. Niliwahi kiwiko chake.

"Acha," alisema.

Hakusema kwa hasira. Hakusema kwa upole pia. Mpaka leo hajaniambia kwamba amenisamehe, na mimi sijamwambia kwamba nimemsamehe.

Nilirudisha mkono wangu, nikaushika kwa ule mwingine. Ngazi zilikuwa kumi na tisa. Alishuka zote.