Mapigo Aliyoringia Kocha

— Nipe mkono.

— Leo sitaki.

— We, nipe mkono!

Kocha hakuzoea kunyimwa. Kila asubuhi kabla ya mazoezi alimpima mchumba wake mapigo ya moyo, kisha akawatambia wakimbiaji wengine kwamba pale uwanjani hakuna moyo unaopiga polepole kama ule. Kwao hiyo ni sifa, dalili ya mwili ulioiva. Sasa mchumba alikuwa kwenye kitanda cha hospitali, nyaya kifuani, baada ya kuanguka bafuni.

— Daktari, huo ni moyo wa mazoezi, usimtishe bure.

Daktari, mama wa makamo asiye na papara, alimgeukia mgonjwa.

— Umewahi kuanguka kabla ya leo?

Mchumba alimtupia kocha jicho. Kocha alikuwa akizunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

— Nimewahi. Jikoni, tena nimesimama tu. Na kwenye ngazi, kwa mama.

— Mwanangu, moyo wa polepole peke yake si ugonjwa. Wakimbiaji wengi wanao na wako salama. Lakini wewe unazimia, na kipimo kinaonyesha umeme wa moyo unakatika njiani. Hapo tunaweka kifaa kidogo cha betri chini ya ngozi, kiushtue unapochelewa.

— Betri? Kocha aliruka. — Na mashindano je?

Mchumba akageukia ukuta.

— Siwekewi kitu. Nataka kwenda nyumbani.

Daktari alitoka akiwaachia nafasi. Kocha alikaa, akasimama, akakaa tena.

— Kwa nini ulinificha?

— Ningekwambiaje? Uliupenda huu moyo kuliko mimi mwenyewe! Ningesema ni mbovu, ungeniacha.

Maneno yalimchoma. Simu ya kocha ikatetemeka. Ujumbe ulitoka kwa mama wa mchumba: "Baba, mbona kimya? Harusi ipo?"

Aliandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akamsogezea mchumba skrini asome kabla hajatuma.

"Ipo mama. Akishawekewa betri na kupona. Mashindano ya mwaka huu basi."

— Kocha wangu amekubali hilo?

— Kocha nimemfukuza, hana akili. Aliyebaki ni mimi, na nakuogopea.

Mchumba alicheka huku machozi yakimtoka. Akabonyeza kengele ya kumwita muuguzi.

— Dada, mwambie daktari arudi. Nakubali.

Kocha akatuma ujumbe.