Kompyuta Iliyotoka Zizini

Kila asubuhi Bibi Limi alikuwa wa kwanza kuamka. Aliwasha moto, akachukua kibuyu chake na kwenda zizini. Zamani zizi lile lilijaa ng'ombe. Ukame na maradhi viliwamaliza, akabaki mmoja tu, jina lake Madoa. Maziwa ya Madoa yalitosha chai ya nyumba nzima. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha Bibi Limi mwenyewe, na hapo hakuna aliyethubutu kubisha.

Nyumba yao iko kijijini, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Katoro. Bibi Limi anaishi na mwanawe Nkwabi, mke wa Nkwabi aitwaye Lusia, na mjukuu wake Edson. Nkwabi alichimba dhahabu kwa miaka tisa. Mwaka jana jiwe lilimwangukia mgongoni akiwa ndani ya duara, lile shimo la wachimbaji. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini daktari alimkataza kushuka tena. Tangu siku hiyo nyumba ilimtegemea Lusia.

Lusia alifanya kazi Katoro, katika steshenari ya bwana mmoja aitwaye Herman. Alichapa barua za watu, akapiga fotokopi na kujaza maombi ya shule. Jumatatu moja Herman alimwita.

"Mama Edson, mimi nahamia Kahama. Umenifanyia kazi kwa uaminifu. Chumba nakuachia, kodi nimelipa mpaka mwisho wa mwaka. Meza na printa ni zako. Kompyuta tu ndiyo nitaondoka nayo. Tafuta yako."

Lusia alilia kwa furaha njia nzima, mpaka dereva wa bodaboda akamuuliza nani amefariki.

Lakini kompyuta itoke wapi? Jioni wakila ugali, Lusia aliwaeleza wenzake. Nkwabi alikuna kichwa. Bibi Limi alitafuna, akameza, kisha akasema, "Muuzeni Madoa."

Lusia aliliacha tonge lake. "Hapana, mama! Utakunywa nini?"

"Maziwa nimekunywa tangu utoto. Mkwe mwenye kazi yake nimempata mmoja tu. Muuzeni."

Lusia alipiga magoti palepale, akamshika mkono. "Wabeja, mayu," alisema kwa Kisukuma. "Asante, mama yangu. Wabeja sana."

Ungedhani baada ya shukrani hiyo watu wangelala kwa amani. Wapi! Mume na mke walianza kubishana kabla hata ya kunawa mikono.

"Tutanunua kompyuta ya mezani," alisema Nkwabi.

"Tutanunua laptopu," alisema Lusia. Alimaanisha kompyuta mpakato, ile inayokunjwa na kubebwa.

"Mama Edson, mimi nimekaa kwenye dhahabu. Kitu chenye thamani kina uzito. Laptopu moja niliwahi kuinyanyua kwa vidole viwili. Ile ni debe tupu! Kuna muuzaji pale sokoni ana kompyuta ya mezani. Nilipoibeba, mgongo wangu wote ulijua."

"Na umeme je? Umesahau barua ya yule mzee?"

Nkwabi hakuwa amesahau. Jirani na steshenari kuna karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Karasha ikiwashwa, umeme wa mtaa mzima hutetereka. Siku moja Lusia alikuwa amechapa barua ya kurasa tatu ya mzee mmoja. Karasha ikanguruma, kompyuta ikazimika, barua ikapotea yote. Mzee alilazimika kueleza upya kesi yake ya shamba, na safari hii kwa hasira.

"Laptopu ina betri ndani," Lusia aliendelea. "Tena ina heshima. Ukiwa nayo kwenye mkoba, watu wanajua wewe ni mtu wa ofisi."

Bibi Limi alikuwa akiwasikiliza. "Niambieni," aliuliza, "mnataka ng'ombe wa maziwa au wa jembe?"

Wote wawili walicheka. Bibi Limi hakucheka.

"Ukienda mnadani bila kujua hilo, utarudi na ng'ombe dume halafu ushike kibuyu. Nyie mnabishana uzito na mkoba. Madoa haondoki zizini mpaka mje na jibu moja. Akishaondoka, sina mwingine."

Hapo kicheko kiliisha. Ilikuwa kweli. Wakikosea, nyumba itakosa maziwa na itakosa kazi.

Kesho yake walikwenda Katoro kwa Mwalimu Eufrasia. Mama huyu hufundisha kompyuta na kuzitengeneza. Ndiye aliyemfundisha Lusia kuchapa. Walimkuta ameinamia mashine iliyofunguliwa, bisibisi mkononi.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Lusia.

"Marahaba, Mama Edson. Baba Edson, mgongo unaendeleaje?"

"Unaendelea, tunashukuru. Tumekuja utuamulie ugomvi."

Walimweleza yote, pamoja na swali la Bibi Limi. Eufrasia aliweka bisibisi chini.

"Huyo bibi nitamwajiri," alisema. "Ameuliza swali ambalo wanafunzi wangu hawaulizi. Mama Edson, nijibu kweli. Kazi itakufuata wewe, au wewe ndiye utaifuata kazi?"

Lusia aliwaza. "Wateja huja dukani. Mimi siendi popote."

"Jioni utachapa nyumbani?"

"Nyumbani tuna sola ya taa tu. Na jioni nina ugali wa kusonga."

"Basi sikiliza. Mimi hapa natumia laptopu. Wiki hii nafundisha Runzewe, wiki ijayo niko Kahama. Kazi yangu ina miguu, kwa hiyo mashine yangu lazima ibebeke. Laptopu ndiyo ng'ombe wa jembe, unamswaga mpaka shambani. Kompyuta ya mezani ni ng'ombe wa maziwa. Imekaa nyumbani, na kila siku unaikamua hapo hapo."

Nkwabi alipiga paja. "Nilisema! Ya mezani!"

"Subiri, Baba Edson. Wewe sijakufikia bado."

Lusia alikuwa na wasiwasi. "Lakini umeme, mwalimu? Karasha iko palepale."

"Hofu yako ni ya kweli, na dawa yake ipo. Inaitwa UPS. Ni kasha lenye betri. Unalichomeka ukutani, kisha kompyuta na skrini unazichomeka kwenye kasha hilo. Umeme ukikatika, UPS inaishikilia kompyuta kwa dakika chache. Usidhani utafanya nayo kazi siku nzima. Inakupa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima mashine taratibu. Printa usiichomeke humo, inakula umeme mwingi."

"Na laptopu je, ingekuwa na ubaya gani dukani kwangu?"

"Si mbaya. Ila duka lako lina vumbi la barabara na la karasha. Kibodi ya kompyuta ya mezani ikiharibika, unanunua nyingine peke yake, saa hiyo hiyo. Ya laptopu ikiharibika, mashine nzima inakwenda kwa fundi na duka linalala. Skrini ya mezani ni kubwa, mteja anasoma barua yake kabla hujaitoa kwenye printa. Laptopu mtu anainyakua mezani ukiwa umegeuka kuchukua karatasi. Na kwa fedha ile ile, ya mezani mara nyingi huwa na nguvu zaidi."

Lusia aliuona ule mkoba wake wa ofisi ukipotea. Kisha akacheka. "Heshima yangu nitaitafutia mahali pengine."

"Haya, sasa twendeni kwa huyo muuzaji wako mwenye uzito," Eufrasia alimwambia Nkwabi.

Sokoni, Nkwabi aliinyanyua ile kompyuta kwa fahari, ingawa alikunja uso kidogo kwa mgongo. Muuzaji alimsifu. "Mwenyewe unaona, mzee. Chuma tupu!"

"Naomba uiwashe," alisema Eufrasia.

Muuzaji alisitasita, akaiwasha. Ilianza kuvuma. Skrini ilikaa nyeusi. Nkwabi alinunua muhindi wa kuchoma, akaula wote, na mashine ilikuwa bado inajiwasha. Mtu aliyekuwa anataka fotokopi ya cheti angekuwa ameshafika nyumbani.

"Memori yake kiasi gani?" Eufrasia aliuliza.

"Hiyo siijui. Lakini ni imara."

"Risiti utatoa?"

"Risiti ya nini, mama? Tunaaminiana."

Nkwabi alitikisa kichwa kukubali. Wachimbaji wamezoea hivyo. Unapima, unapokea, kila mtu anashika njia yake. Eufrasia alimvuta pembeni.

"Baba Edson, dhahabu ikipimwa imekwisha kusema kila kitu. Kompyuta haijasema chochote mpaka iwake. Uzito ule ni bati na vumbi. Mashine ni ya zamani, ndiyo maana ni nzito. Kompyuta nzuri ya leo inaweza kuwa nyepesi kuliko sufuria yako ya ugali."

Nkwabi aliitazama mikono yake iliyokuwa imeiamini ile mashine. "Kwa hiyo ningemtoa ng'ombe wa mama yangu, nikampelekea bati?"

"Ungempelekea. Lakini umekuja kuuliza."

Jioni ile walimpelekea Bibi Limi jibu moja, tena kwa sauti moja. "Wa maziwa, mama. Tunanunua ya mezani, pamoja na UPS."

"UPS ndiyo nini?"

"Ni kamba yake," alisema Nkwabi. "Asikimbie karasha ikinguruma."

Siku ya mnada Bibi Limi alimfungua Madoa mwenyewe. Alimsindikiza hadi barabarani, akampapasa shingo, akamkabidhi kamba Nkwabi. Lusia aliona machozi yake, naye akalia. Siku hiyo chai ilinywewa ya rangi.

Kompyuta waliinunua Eufrasia akiwepo, katika duka lenye jina na anwani. Ilikuwa imetumika, lakini imetunzwa. Mwalimu aliiwasha kwanza. Iliwaka kabla Nkwabi hajamaliza kupiga chafya. Aliangalia memori, ikawa gigabaiti nane, zinazotosha kazi ya steshenari. Aliangalia diski, ikawa ya SSD, aina mpya inayofanya kazi haraka. Lusia alichapa mistari miwili, akajaribu kila kitufe na kila tundu la kuchomeka flashi. Walipewa risiti na waranti ya miezi sita, dhamana ya kutengenezewa ikiharibika. Nkwabi aliibeba kompyuta kwa mkono mmoja, akaguna kwa wepesi wake. Alipoinyanyua UPS, uso ulimng'aa.

"Hiki sasa kina uzito!"

"Ni betri hiyo," alisema Eufrasia. "Angalau kwa hiki umepatia. Ikizeeka baada ya miaka miwili mitatu, mtaibadilisha. Na wewe Mama Edson, funika mashine kila jioni. Vumbi la ndani nitakuja kulipuliza. Kazi za watu ziwekee nakala kwenye flashi."

"Nikulipe nini, mwalimu, kwa siku zote hizi?"

"Nifikishie salamu zangu kwa bibi."

Wiki ya nne Bibi Limi alivaa kitenge chake kizuri. "Nakwenda kumwona ng'ombe wangu," alisema. Nkwabi alimpeleka Katoro. Alikuta watu watatu wamejipanga kwenye benchi. Lusia alimpa kiti cha pembeni ya meza. Yule mzee wa kesi ya shamba alikuwepo pia, anachapiwa barua nyingine. Alikuwa anaisoma kwenye skrini kubwa, kidole hewani.

"Hapo weka jina la baba yangu," alisema.

Lusia aliliandika, na mara karasha ya jirani ikanguruma. Taa ikazimika. Feni ikasimama. Mzee alishika kichwa kwa mikono miwili. "Yameanza tena! Barua yangu!"

Kompyuta haikuzimika. Kasha lililokuwa chini ya meza lilianza kulia, pii, pii, pii. Lusia alibonyeza vitufe viwili.

"Barua yako ipo, mzee wangu. Nimeihifadhi." Alizima mashine taratibu, akakunja mikono, akangoja umeme kama mtu asiyedaiwa na yeyote.

Bibi Limi aliinama kuchungulia chini ya meza. "Hicho kinacholia ndiyo kamba?"

"Ndiyo, mama. Kinaniambia nisichelewe."

"Madoa naye alilia hivyo nikichelewa kumkamua."

Umeme ulirudi. Lusia aliwasha, akafungua barua, na jina la baba wa yule mzee lilikuwa palepale. Mzee alimshukuru Lusia. Lusia akamwonyesha Bibi Limi. "Mshukuru huyu. Hii mashine imetoka zizini kwake." Mzee aliinuka, akamshika Bibi Limi mkono. Watu wa kwenye benchi nao wakapiga makofi. Bibi Limi alijifanya anatengeneza kitenge chake.

Jioni Lusia alifunika kompyuta, akafunga duka. Kabla ya kupanda bodaboda alipitia kwa muuza maziwa, kama alivyofanya kila siku tangu wiki ya kwanza. Nyumbani alichemsha, akamimina kikombe cha kwanza, akapiga goti na kumpa mama mkwe wake.

Bibi Limi alionja. Alifikiri kidogo.

"Ya Madoa yalikuwa mazito zaidi," alisema.

Nkwabi alifungua mdomo kusema jambo kuhusu uzito, Lusia akamtazama, akaufunga.

"Lakini haya nayo yanashuka vizuri," Bibi Limi aliendelea. Alimaliza kikombe, akakirudisha kwa mkwewe. "Wabeja, mwanangu. Niongezee."