Aliyeitika Kabla ya Seva

Kompyuta ya dirishani iliwaka, ilhali waya wake wa mtandao ulikuwa umechomolewa na kulala sakafuni.

Fundi, mwanamke asiyeogopa umeme wala bosi, alifikicha macho. Kompyuta za ofisi ile hazikuwa na diski. Ukiziwasha, kadi ya mtandao huita kutafuta seva, kompyuta mama ya ofisi, nayo ikaitika na kuzipa mfumo wa kufanyia kazi. Kiendeshi, yaani programu inayoiongoza kadi kuita, kilikuwa mikononi mwake tangu fundi mzee astaafu. Jana yake alikuwa amefuta humo amri moja iliyoiambia kadi isubiri kidogo baada ya kuita. Aliiona uzembe tu. Kompyuta zikawa zinawaka chapuchapu, watu wakampigia makofi.

"Wifi, hebu njoo."

Mke wa kaka yake, katibu wa ofisi, alikuja akicheka. "Wifi isiyokatika humu ni mimi peke yangu, na bado hunipumzishi!"

Kicheko kilimkauka. Kwenye skrini nyeusi palikuwa na neno moja: *Nimeitika.*

Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa chumbani. Kompyuta zote zikajiwasha, taa za dari zikazimika, mapazia yakajishusha mchana kweupe. Fundi alikimbilia mlango, lakini kufuli lake nalo lilitegemea seva, na halikusikia kadi yake ya kazi.

"Najaribu mlango wa nyuma," wifi alinong'ona, akapotelea gizani.

Fundi alimpigia simu mzee.

"Umeifuta ile amri?" Sauti ya mzee ilishuka. "Mwanangu, wa kwanza kuitika si seva. Ni yeye. Nilikuwa naisubirisha kadi mpaka achoke, aende zake."

"Yeye nani?"

"Usimtaje humo ndani. Irudishe, sasa hivi."

Simu ilikatika. Fundi alivuta kibodi, na feni za kompyuta zote zikaanza kuvuta pumzi kwa pamoja na kuiachia kwa pamoja, kama kifua kimoja kikubwa kilicholala nyuma ya meza, na kadiri alivyoandika ndivyo herufi zilivyojifuta, akaziandika tena, zikajifuta tena, jasho likimtiririka mgongoni, mpaka akahisi mkono wa wifi ukitua begani mwake, akapata nguvu.

"Mlango umefunguka?" aliuliza bila kugeuka.

"Bado," wifi alijibu kwa sauti ya chini. "Andika tu."

Akaandika. Safari hii herufi zilikaa. Kompyuta zikazimika zote, zikawaka upya, kadi zikaita, zikasubiri. Kimya. Kisha seva ikaitika, na feni zikarudia mlio wake wa kawaida. Harufu ikapungua. Fundi alitaka kulia kwa furaha.

"Ametoka, wifi. Ametoka!"

Simu yake ikatetemeka mezani. Jina la wifi liling'aa kwenye kioo. Aliipokea.

"Uko wapi wewe?" Wifi alikuwa akihema, na nyuma yake honi za magari zilisikika wazi. "Mlango wa nyuma ulifunguka, nikatoka, ukajibamiza nyuma yangu! Niko barabarani muda wote huu nakusubiri. Mbona hutoki?"

Begani mwa fundi, taratibu, vidole vilikaza.