Mahali pa Kuzeekea

Pikipiki zilimpita Dina huku na huku zikimpigia honi, naye alikuwa bado hajafika katikati ya barabara. Alikuwa amekunja mgongo, ameshika mkongojo wa kuazima, anaburuta raba zake nyeupe taratibu, na gauni lake la kitenge cha njano liliwaka juani mpaka wauza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, wa stendi ya Masasi wakaacha kunadi wakamtazama. Mara lori la korosho likakata kona.

Mkono wenye grisi ulimdaka begani ukamvuta hadi ukingoni.

"Dada, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona unatembea hivyo?"

"Najifanya bibi."

Amon, mwenye mkono ule, alimtazama kuanzia kilemba mpaka raba. Alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki papo hapo kando ya barabara, na vituko vya stendi alikwishavizoea, lakini hiki kilikuwa kipya.

"Basi shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," Dina akajibu kwa sauti ya kizee, kisha akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akauegemea mkongojo.

Dina alikuwa afisa ustawi wa jamii, mwenyeji wa Singida, mgeni Masasi. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya geti la bluu, palikuwa na makao ya wazee. Wafadhili wa makao hayo walikuwa wamejenga jengo jipya Newala, juu ya uwanda, na Dina alitumwa apime ni wapi panawafaa wazee: wabaki mjini au wapande huko. Alikuwa ameona aanze kwa kuvuka barabara kwenda zahanati kwa miguu ya mtu mzee.

"Bibi, mtihani umefeli," Amon alimtania.

"Barabara ndiyo iliyofeli."

Amon akacheka, kisha akanyoosha kidole getini. "Yule mwenye kofia ni baba yangu."

Mwalimu Mathias alikuwa amefundisha Lulindi ujana wake wote. Macho yalikuwa yamezimika, lakini tangu chai ya asubuhi hadi alasiri alikaa kwenye kiti chake pale getini, na mji mzima ukapita masikioni mwake. Dereva wa bodaboda alipita akipaza sauti, "Shikamoo mwalimu!" Mzee akainamisha kichwa kidogo. "Marahaba. Wewe Alfani. Bado unameza herufi." Stendi ikaangua kicheko. Mkewe alikuwa amefariki, na alipobaki peke yake Lulindi alikaribia kuunguza nyumba kwa kusahau moto jikoni. Ndipo Amon akamleta hapa, akafungua duka mkabala na geti ili amwone kila anapoinua macho.

Mapenzi yao yalianza kwa simu za mchana.

"Bibi yangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe mjukuu, hiyo grisi umenawa?"

"Mpaka viwikoni. Njoo unuse."

"Nikinusa nitahamia huku kwenu wenye ming'oko nisahau kwetu."

"Hama. Kuku wa Singida tutawaagiza."

Jumapili moja Amon alimpeleka Chiwata kwa shangazi yake, wakala ugali wa muhogo kwa kisamvu cha nazi. Shangazi alimwangalia Dina anavyomega tonge, akasema kwa Kimakua jambo lililomfanya Amon aone haya. Hakukubali kulitafsiri. Wakati wa kurudi, wamesimama chini ya majabali kupumzisha pikipiki, alimshika mkono.

"Hawa wazee watabaki mjini, si ndiyo?"

"Amon, kazi yangu tuiache ofisini. Nisaidie hilo tu, mpenzi."

Amon alitabasamu. Alilichukua jibu lile kama ndiyo. Dina aliona kabisa kwamba amelichukua hivyo, na hakumsahihisha, kwa sababu mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Amon na hakutaka uachiwe.

Wiki iliyofuata, Amon akiwa Mtwara kununua mzigo, Bibi Stamili wa yale makao alitoka getini kwenda kununua ming'oko. Pikipiki ilimgonga mbele ya macho ya Dina. Dina alikaa chini barabarani, akakiweka kichwa cha bibi mapajani, akamwita jina lake tena na tena mpaka bajaji ikapatikana. Haikusaidia kitu. Lile gauni la njano hakulivaa tena.

Alipopanda Newala alikuta baraza pana, hewa safi, hospitali jirani, hakuna lori, hakuna honi. Akaamua: wazee wapande.

Amon aliusikia uamuzi huo pamoja na ndugu wengine wa wazee, kwenye kikao, amekaa mstari wa mbele na shati lake la drafti alilolipiga pasi. Alitoka kabla kikao hakijaisha. Jioni akapiga simu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu msiba wa Bibi Stamili."

"Na Jumapili iliyopita ulikula kwangu. Ukacheka na baba yangu."

"Nilitaka kukwambia, mpenzi, nikaogopa…"

"Usiniite hivyo. Baba anaishi kwa sauti za watu, Dina. Kule nani anamjua?"

"Watamzoea."

"Kwa umri ule? Azoewe mpaka lini?"

Simu ikakatika. Dina alipopiga tena, haikupokelewa.

Newala, Mwalimu Mathias aliwekewa kiti barazani. Ukungu ulipanda kutoka bondeni, upepo ukapita kwenye mikorosho. Wauguzi walikuwa wema, walimsalimia asubuhi na jioni, wakamwita Babu kama walivyowaita wote. Siku za kwanza aliuliza, "Leo sikukuu? Mbona hakuna mtu?" Baadaye akaacha kuuliza. Alikula, akanenepa kidogo, na wauguzi wakafurahi. Maneno tu ndiyo yaliyokuwa yanaisha.

Dina alipanda kila Jumamosi. Alivuta kiti, akakaa karibu na mzee.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba." Alisikiliza kwa muda mrefu. "Wewe hukusoma kwangu."

"Sikusoma, mwalimu."

"Basi umefuata nini?"

Amon alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa machungwa. Hakuwa akijua kwamba Dina huja. Alimwona anavyofuta uso kwa ncha ya kanga, na hasira aliyoibeba muda wote ikamponyoka. Wakatoka nje, wakasimama kwenye ukungu bila kuonana vizuri.

"Nitapanga vyumba viwili nyuma ya duka," Amon alisema. "Nimrudishe. Tumtunze mimi na wewe."

"Mimi na wewe?"

"Kwani nimesema na nani?"

Dina alicheka huku akilia, akamlalia kifuani. Vyumba vikapatikana, vikapakwa chokaa, na Dina akanunua mapazia. Lakini baridi ya Julai iliwatangulia. Mzee alishikwa na kichomi. Daktari alifika haraka, dawa zilikuwepo, kitanda kilikuwa safi. Kila alichokihesabu Dina kuwa kizuri Newala kilikuwepo siku hiyo, na mzee akafa akiwa ameugeukia ukuta. Walimzika Lulindi.

Baada ya matanga, Amon alimwita Newala wakachukue vitu vya marehemu. Walipomaliza wakaenda kusimama Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika na macho yanashuka mpaka mto Ruvuma. Amon akatoa pete mfukoni.

"Niliinunua kabla ya msiba," alisema. "Lakini nijibu kitu kimoja kwanza. Ungejua itakuwa hivi kwa baba, ungeamua vile?"

Dina aliliona jibu Amon alilolitaka. Lilikuwa neno moja dogo, na nyuma yake palikuwa na vyumba viwili vyenye mapazia. Akakumbuka uzito wa kichwa cha Bibi Stamili mapajani. Akawafikiria wazee waliobaki barazani, wasioweza kukimbia lori.

"Ningeamua vilevile," alisema.

Upepo ulivuma kutoka chini.

"Sema hapana tu, Dina. Niongopee. Nitakuamini."

"Nilikwisha kukuongopea kwa kunyamaza. Siwezi tena."

"Kwa hiyo baba yangu alikuwa halali yako?"

"Alikuwa mzee niliyempenda. Na nilimkosea. Na bado wale wengine wasingepona pale mjini. Sijui niyaweke wapi haya yote, Amon."

"Mimi je, nikiamka kila siku nikikuangalia, niyaweke wapi?"

Amon aliitazama pete muda, akairudisha mfukoni taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililomvunja Dina.

"Panda," alisema akiwasha pikipiki. "Nikufikishe stendi."

Dina alipanda. Hakumshika kiuno, alishika chuma cha nyuma ya kiti. Barabara ilikuwa na mashimo, na kila walipoyapita miili yao iligusana, na kila mara mmoja wao alisema samahani.